Mahindi Yalikuwa Bado Juani

Marahaba, wanangu. Ninyi mlioanza kazi mwaka huu kwenye ofisi za mipango ya umeme mmeniandikia mkiniomba "uzoefu," neno ambalo mtu huombwa akishaonekana mzee. Basi nipo, hapa Manundu, Korogwe. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mchicha, na juu ya bati nina paneli mbili za jua ambazo fundi alizifunga nikiwa safarini, akazielekeza kwenye kivuli cha mfenesi wa jirani. Miaka yote ya kazi nimepanga umeme wa jua wa nchi nzima, nikarudi nyumbani nikakuta wa kwangu unaangalia majani. Chekeni tu, mimi nilishacheka.

Mama yangu, aliyechuma chai milimani Dindira mpaka magoti yakamkatalia, aliniuliza mimi bintiye siku moja kazi yangu hasa ni ipi. Nikamwambia nakaa mbele ya kompyuta nakisia watu watataka umeme kiasi gani miaka mingi ijayo, na umeme huo utoke wapi. Akauliza, "Na ukikosea?" Nikamwambia tunakisia upya. Akauliza tena, "Na wanakulipa?" Nikamwambia ndiyo, tena kila mwezi. Alikwenda kanisani Jumapili hiyo akaniombea, na mpaka leo sijui aliomba niendelee kulipwa au niache kukisia.

Kwa wale ambao bado wanajifunza, modeli ni jedwali kubwa ndani ya kompyuta. Unaingiza watu na matumizi yao: taa, pasi, friji, pampu ya maji, mashine ya kusaga. Unaingiza vyanzo vya umeme: maji, gesi, jua, upepo. Halafu unaweka sera: bei iwe hivi, ruzuku iende huku, kodi ya betri ipungue. Unabonyeza, unakwenda kunywa chai, ukirudi unakuta umepangiwa njia yenye gharama ndogo kuliko zote. Badilisha sera moja, na njia nayo inabadilika. Wakubwa waliipenda kwa sababu hiyo, maana waliweza kuijaribu sera kwenye kompyuta kabla ya kuijaribu kwa binadamu. Ila modeli haina ubishi. Ukiiambia kwamba watu wa Handeni wanakula mchanga, itakupangia umeme wa kuchekechea mchanga, na itakuchorea grafu ya rangi nne.

Mtu aliyenifundisha ubishi ni Bwana Elineema, mkuu wa kitengo chetu, mzaliwa wa Mpale. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, na mwenye tabia moja iliyotunyima raha. Ukimpelekea jedwali haangalii jumla. Anashuka na kidole chake mpaka kwenye namba moja katikati ya kurasa, anaigonga, anauliza, "Huyu ni nani?" Alitaka umtajie mtu halisi mwenye matumizi hayo, anakaa wapi, na umemwonaje. Ukisema "ni wastani," anakurudishia karatasi zako bila neno lingine. Kuna kijana mwenzetu aliyewahi kujibu kwa ujeuri, "Huyu ni shangazi yangu, mzee." Elineema akamwambia, "Vizuri, nipe namba yake ya simu," na kweli akampigia.

Mimi mwenyewe alinikamata kwa friji. Tulikuwa tumefanya dodoso hapahapa Manundu, na mimi, kwa kuwa ni nyumbani, nikajipa mitaa ya karibu. Swali lilikuwa, "Una friji?" Watu wengi kuliko nilivyotarajia walijibu wanalo, nikaandika kwa furaha, na makisio ya umeme wa mji yakapanda. Elineema akagonga moja, "Huyu ni nani?" Nikamtaja jirani yangu, mama mwenye genge la nyanya. Akasema twende. Tulimkuta yule mama, akatukaribisha, akatufungulia friji lake kwa ufunguo. Ndani mlikuwa na sukari, majani ya chai, vitenge viwili na vyeti vya shule vya watoto.

"Linafanya kazi?" Elineema akauliza.

"Linafanya sana, baba. Sisimizi hawaingii hata mmoja."

Hatukuwa tumeuliza kama limewashwa. Tangu hapo dodoso letu likawa na swali la pili, na mimi nikawa na woga ambao ulinisaidia kwa miaka kadhaa. Woga nao huisha, wanangu, hasa ukianza kusifiwa. Kosa ninalotaka kuwasimulia nililifanya nikiwa nimeshasifiwa sana.

Ilikuwa ile kazi ya mpango wa kuhamia kwenye nishati jadidifu. Nchi ilitaka kujua vijiji vilivyo mbali na gridi kubwa vipewe nini. Kuvuta nguzo na waya mpaka huko ni gharama kubwa. Kuweka gridi ndogo ya jua, yaani paneli katikati ya kijiji na waya kwenda nyumba chache na mashine, ni nafuu zaidi. Kinachoua unafuu huo ni betri. Jua linatoa umeme mchana, watu wanautaka jioni, na kuuhifadhi kutoka mchana mpaka jioni ndiko kunakokula fedha zote. Mimi nikabuni sera ya kuikwepa betri. Niliiita bei ya mchana: anayetumia umeme saa ambazo jua ni kali alipe kidogo, anayetumia jioni alipe zaidi. Nyumba zibaki na taa ndogo za jioni, na mzigo mzito uhamie mchana.

Na mzigo mzito kijijini ni upi? Mashine ya kusaga. Nikaingiza kwenye modeli kwamba mashine zote zitahamia saa sita mchana, kwa kuwa mwenye mashine atafuata bei nafuu. Nikabonyeza. Gharama ikashuka mpaka nikadhani kompyuta imeharibika. Vijiji vya Handeni vilivyokuwa mkiani mwa orodha vikapanda juu, na cha kwanza kabisa kikawa Kwemkwaju, kijiji cha wakulima kinachopakana na wafugaji kule tambarare. Elineema alikuwa likizo ya ugonjwa, kwa hiyo hakuna aliyegonga namba yoyote. Orodha ikaenda kwa kamati, kamati ikafurahi, na habari zikafika Kwemkwaju kabla sijafika mimi.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi ya kutembelea. Ukienda kuhakiki modeli yako, nenda saa ileile ambayo modeli inajisifia. Wengi wenu mtakwenda saa tatu asubuhi kwa kuwa gari la ofisi linataka kurudi mapema. Mimi siku hiyo, kwa bahati tu, gari lilipata pancha njiani, na tukafika Kwemkwaju saa sita mchana kamili. Nikaenda moja kwa moja kwenye mashine, ambayo ni ya mjane mmoja anayeitwa Bi. Mwantumu. Kwa hesabu zangu hiyo ndiyo saa ambayo pale pangekuwa na msururu wa watu.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na kuku watatu na injini ya dizeli iliyolala kimya. Bi. Mwantumu alikuwa amekaa kizingitini, kanga imefungwa kichwani, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ninyi ndio wa umeme?"

"Ndio sisi. Pole, naona mashine imeharibika."

Akaniangalia, akaiangalia mashine. "Imeharibika na nani? Mashine nzima."

"Mbona husagi?"

"Nisage nini? Mahindi bado yako juani."

Akanyoosha mkono. Na mimi, niliyekuwa nimepita katikati ya kijiji kizima na daftari mkononi, ndipo nikaona. Kila uwanja ulikuwa na turubai au jamvi, na kila turubai lilikuwa jeupe kwa mahindi yaliyokobolewa kinuni, yakaloweshwa, yakaoshwa, yakaanikwa. Wanawake walikuwa kivulini wakifukuza kuku kwa vijiti. Mahindi ya sembe huanikwa tangu saa tatu, na kwa jua la Handeni yanafaa kusagwa kuanzia saa kumi. Nilikaa pale na Bi. Mwantumu mpaka saa kumi na moja. Ndipo wakaanza kuja, ndoo vichwani, mmoja baada ya mwingine, na yule bibi akasimama, akapiga hendeli mara mbili, injini ikaitika, na kijiji kizima kikasaga mpaka jua likazama.

Modeli yangu ilikuwa imewapa watu jua la kusagia saa ileile wanayolihitaji kuanikia. Nataka niseme wazi kwamba niliona aibu, na siyo aibu ndogo. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa sembe. Lakini Dindira kuna ukungu, mahindi hayakauki kwa siku moja, tulikuwa tukiyamalizia kwenye dari la jikoni juu ya moshi na kupeleka mashineni siku yoyote saa yoyote. Nilichukua saa za nyumbani kwetu nikawavika watu wa tambarare bila kuwauliza.

Bi. Mwantumu alipozima injini alinipa maji ya kunywa, akaniuliza jambo lake. Kuna mtu wa Handeni mjini aliyetaka kuinunua ile injini. Alikuwa amesikia umeme wa jua unakuja, akajua dizeli haitahitajika tena, na anataka jibu. Mashine ile ndiyo iliyomlea yeye na wajukuu wake wanne tangu mumewe afariki.

"Nimuuzie?" akaniuliza. "Ninyi ndio mnaojua."

Kama angeuza na umeme wangu ukaja kama nilivyoupanga, angekuwa na mashine inayozunguka mchana, wakati hakuna cha kusaga, na inayosimama jioni, wakati kila mtu ana ndoo kichwani. Nikamwambia asubiri. Akauliza asubiri mpaka lini. Nikasema sijui, na hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli la kwanza nililotoa kuhusu Kwemkwaju.

Niliporudi ofisini nilimkuta Elineema amerudi kazini, amepungua zaidi, shati linamning'inia. Nikamwekea jedwali mezani na kumweleza yote. Hakunikemea. Alishuka na kidole mpaka kwenye ile safu ya mashine saa sita mchana, akagonga.

"Huyu ni nani?"

"Hayupo, mzee. Nilimtunga."

"Na ukimweka yule aliyepo?"

Nilikuwa nimeshamweka usiku wa jana yake, sikuwa nimeweza kulala. Ukimweka Bi. Mwantumu na saa zake za jioni, unahitaji betri kubwa. Ukiweka betri kubwa, gharama inapanda, na Kwemkwaju inatoka juu inarudi mkiani, pamoja na vijiji vyote vinavyosaga kwa namna hiyo. Vitasubiri, labda miaka mingi, na dizeli itaendelea. Ukiacha uongo wangu ulivyo, umeme unakuja haraka, na bibi anaharibikiwa. Nilimwambia Elineema kwamba nimefikiria kukaa kimya. Nawaambia na ninyi pia, kwa sababu mtakuja kufikiria hivyohivyo, na mtadhani ninyi ndio wa kwanza.

Akauliza, "Umewauliza kama wanaweza kusaga kesho yake?"

"Kesho yake?"

"Waanike leo, wasage kesho saa sita. Nauliza tu. Sisi wawili hatujui."

Nikarudi Kwemkwaju. Nilimwomba Bi. Mwantumu aniitie wanawake wanaosaga kwake, tukakaa nje ya mashine, na nikawaeleza kosa langu bila kulipamba. Kwanza walicheka. Mmoja alitaka kujua kama nina mume, na kama huwa namsagia unga saa sita mchana. Kisha wakaanza kunibomolea wazo la kesho yake. Mahindi yakilala yananuka. Panya. Mbuzi. Na zaidi ya yote, unga wa leo ndio ugali wa leo; ukisaga kesho, leo watoto wanakula nini?

Aliyewajibu hakuwa mimi, namshukuru Mungu. Alikuwa Bi. Mwantumu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini.

"Yananuka kwa sababu mnayafungia kwenye kiroba yakiwa na joto la jua. Yaacheni yapoe kwenye ungo kwanza. Mimi nayalaza hapa kila wiki, nani amesikia harufu? Na hiyo ya leo tutakula nini, ni ya siku moja tu. Siku moja tu loweka ya siku mbili, saga ya siku mbili. Baada ya hapo kila mtu ana unga wa kesho ndani. Mnajifanya kama mtakufa na njaa mwaka mzima."

Nilikaa pale nikiitafakari hiyo hesabu yake. Betri yote ile iliyokuwa ikinishinda, iliyokuwa ikiangusha vijiji kwenye orodha, kazi yake ilikuwa kuvusha kijiji kutoka jioni moja mpaka mchana unaofuata, na yule bibi aliivusha kwa ndoo moja ya ziada.

Akaongea pia mama mmoja wa jamii ya wafugaji, Mama Naserian, aliyekuwa amekaa pembeni na wenzake wawili na punda zao. Wao husaga dona, mahindi makavu bila kukoboa wala kulowesha. "Sisi tunafika hapa saa nne," akasema. "Tunakaa mpaka jioni kwa sababu bibi hawezi kuwasha injini kwa watu watatu. Tunarudi kwenye boma giza limeshaingia, na njiani kuna fisi. Mchana sisi tunataka tangu zamani. Hakuna aliyetuuliza." Nikaandika haraka. Kumbe mtu wa saa sita alikuwepo, ila nilikuwa nimemtunga bila kumjua.

Walikubali kujaribu kwa dizeli ileile: kusaga mchana tu, kiangazi chote, na Bi. Mwantumu aandike kwenye daftari kila siku amewasha saa ngapi na amezima saa ngapi. Lakini akaweka sharti, na hakulisema kwa utani.

"Siku ya msiba nawasha jioni. Msiba ukitokea alasiri, watu wanafika jioni ileile, kutoka Mpale, kutoka Korogwe, kutoka kila mahali. Hao lazima wale. Mimi siwezi kumwambia aliyefiwa asubiri saa sita kesho."

Nikamwambia aandike tu alichofanya, chochote kile. Yule mnunuzi wa injini akaambiwa aendelee kungoja, akakasirika, akasema atatafuta nyingine.

Kiangazi kilipokwisha nililichukua lile daftari. Mwandiko ulikuwa wa mjukuu wake, maneno ya bibi mwenyewe, herufi kubwa kubwa. Mchana. Mchana. Mchana, wamekuja wa punda tisa. Mchana, mawingu, watu wachache. Hapo nikajifunza jingine ambalo modeli yangu haikulijua: siku ya mawingu mahindi nayo hayakauki, kwa hiyo umeme ukipungua, wasagaji nao wanapungua. Halafu katikati ya kurasa nikakuta: "Jioni. Msiba kwa Mzee Mhina. Nimewasha." Na kurasa kadhaa mbele: "Jioni. Msiba kwa dada yangu. Nimewasha."

Sikujua kwamba alifiwa. Tulikuwa tumeongea kwa simu wiki ileile, nikamuuliza habari za mashine, akanijibu habari za mashine. Nilimpigia pale pale kumpa pole, nikiwa nimechelewa wiki nyingi. Akasema, "Nimeshapoa, mwanangu. Umeona nimeandika?" Nikamwambia nimeona. Nililia baada ya kukata simu, na Elineema akaingia akanikuta, akachukua daftari akalisoma lote amesimama. Alipofika kwenye zile jioni mbili aliniambia kwamba hizo ndizo zilizomfanya aamini michana yote mingine.

Tukairudia modeli. Mashine ikabaki mchana, safari hii kwa watu wenye majina, na tukaweka betri ndogo iliyotosha kuendesha mashine kwa jioni moja. Kwenye ripoti tuliiandika "akiba ya dharura." Sisi wawili tuliiita betri ya msiba. Gharama ilipanda kidogo, Kwemkwaju ikashuka nafasi chache lakini ikabaki ndani ya awamu ya kwanza, na tukapendekeza iwe sera: kila gridi ndogo ya jua yenye mashine ya kusaga iwe na akiba hiyo.

Kamati ilikaa Korogwe, kwenye ukumbi wenye feni moja. Kulikuwa na mjumbe mmoja kijana, mtu makini, kazi yake ni kupunguza, na lazima mtu wa aina hiyo awepo, msimchukie mkikutana naye. Aliipitia ripoti vizuri mpaka kwenye ile betri. Akauliza kwa nini inunuliwe betri kwa ajili ya jioni mbili kiangazi chote. Nikaeleza. Akasema anaelewa mila, ila hawezi kupitisha kifaa kwa nchi nzima bila kujua kitatumika mara ngapi. Tukikifuta, fedha yake inatosha vijiji vingine kadhaa. Hakuwa mjinga, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nikamtazama Elineema, naye akanitazama, na nikaelewa kwamba mjumbe alikuwa anauliza swali la Elineema kwa maneno mengine. Nikaomba ruhusa ya kupiga simu.

Nikaiweka simu mezani, sauti juu. Iliita sana. Nyuma ya sauti ya Bi. Mwantumu tulisikia mashine ikinguruma, maana ilikuwa karibu saa saba.

"Bibi, niko kwenye kikao. Kuna mkubwa hapa anataka kukuuliza kuhusu zile jioni za msiba."

"Aulize."

Kijana akainama karibu na simu. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Pole na kazi. Nilitaka kujua tu, bibi, kwa kawaida, kijiji chenu kwa mwaka kinapata misiba mingapi?"

Mashine ikazimwa. Alikuwa ameizima ili asikie vizuri. Ukumbini feni ilikuwa inapiga kelele.

"Mwanangu," akasema, taratibu, bila hasira yoyote, "tungekuwa tunaijua idadi, si tungesaga mapema?"

Yule mjumbe akasema, "Asante, bibi. Nimeelewa." Akachukua kalamu, akafuta alama ya kukata aliyokuwa ameiweka pembeni ya ule mstari. Aliniambia baadaye, nje, kwamba alimzika baba yake mwaka ule, na kwamba hakumbuki hata kidogo nani aliwapikia watu.

"Mmemaliza?" Bi. Mwantumu akauliza kutoka mezani. "Nina ndoo za watu hapa." Akawasha injini yake, na simu ikakatika.

Umeme ulifika Kwemkwaju mimi nikiwa karibu kustaafu. Elineema hakuuona, alifariki Mpale miezi michache kabla, na nilikwenda kumzika. Nilipopata nafasi nikaenda kijijini, nikafika saa sita kama nilivyojizoesha. Palikuwa na punda nje na akina mama wamejipanga na ndoo zao, na mashine inazunguka kwa mota, bila moshi. Pale ilipokuwa injini ya dizeli palibaki alama ya mafuta sakafuni na benchi jipya la wasubiriaji. Nikakaa kwenye benchi. Nikamuuliza Bi. Mwantumu injini iko wapi, akasema ameiuza tangu mwezi uliopita, kwa mtu mwingine kabisa.

"Hukuniuliza," nikamwambia.

"Nikuulize nini tena?" akasema, akichukua ndoo ya mtu aliyefuata. "Siku alipofariki Mama Naserian, yule wa punda, niliwasha mota saa moja jioni. Ikawaka."